Mbarika wa Hillbrow: Mafuta, Sumu na Ujuzi wa Kuvitenganisha

Mbarika ni mmea ambao wasomaji wengi wa jarida hili wanaujua kwa mafuta yake kuliko kwa sura yake. Mafuta ya mbarika, au mafuta ya nyonyo kama wengi wanavyoyaita Bara, yamekaa katika nyumba zetu kwa vizazi vingi. Yalitumika kupaka nywele, kuchua viungo vinavyouma, na kumnywesha aliyefunga choo. Familia zilizohama ziliyachukua katika chupa, au ziliyakuta dukani huko zilikokwenda. Mbegu yenyewe ni habari nyingine. Mbegu ile ile moja ina dawa na ina sumu kali, na wazee waliojua kuitenga dawa na sumu hawakuandika sana namna walivyofanya.

Makala hii inautazama mbarika kutoka Hillbrow, mtaa wa magorofa ulio juu ya kilima katikati ya Johannesburg, ambako Kiswahili cha Kongo ya mashariki na cha Tanzania husikika leo ngazini, sokoni na katika saluni za kusuka nywele. Hoja ni moja. Mmea huu haukungoja kuletwa na sisi, kwani umetutangulia karibu kila mahali tulikohamia. Kilichohitaji kubebwa ni ujuzi wa kuutumia, na huo ndio tuliobeba nusu nusu.

Majina na asili

Wataalamu wa mimea wanauita *Ricinus communis*, jina lililowekwa na Linnaeus mwaka 1753. *Ricinus* kwa Kilatini ni kupe, na atakayeitazama mbegu iliyonona, yenye madoa ya kahawia na kichwa kidogo upande mmoja, hatauliza kwa nini. Waarabu wanauita khirwa'. Ibn Manzur, mwenye kamusi ya Lisan al-Arab, aliyefariki mwaka 1311, analihusisha neno hilo na kila mmea mlaini unaopinda kwa urahisi. Maelezo hayo yanaufaa mti ambao shina lake lina uwazi ndani na hukatika kwa mkono. Khirwa' imo pia katika al-Qanun ya Ibn Sina na katika kitabu kikubwa cha dawa cha Ibn al-Baytar, aliyefariki mwaka 1248.

Kwa Kiswahili tuna mbarika, mnyonyo na mbono. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Neno mbono, pengine mbono kaburi, hutumika pia kwa mmea mwingine, *Jatropha curcas*, ambao hupandwa kuwa ua la boma na makaburi. Nao una mafuta, nao una sumu, lakini si mbarika. Wazulu wanauita mbarika umhlakuva. Mmea usio na kazi hauhangaikiwi kupewa majina mengi hivi.

Kuhusu asili yake, wengi wanakubaliana kuwa kwao ni Afrika ya mashariki na kaskazini mashariki, hasa pande za Uhabeshi na Kenya, ambako aina zake za mwituni ni nyingi kuliko kwingine. Kutoka huko ulifika Misri zamani sana. Umetajwa katika karatasi ya tiba ya Wamisri iitwayo Ebers, ya miaka kama 1550 kabla ya Masihi. Ulikwenda pia Bara Arabu na Bara Hindi, na leo jimbo la Gujarat nchini India ndilo linaloongoza duniani kwa kuulima. Kwa hiyo bahari ile ile iliyowapeleka watu wetu Maskati, Bombay na Durban ilikuwa na mbarika pande zote.

Namna unavyoishi katika nchi kavu

Mbarika unajulikana kuwa mmea wa nchi kavu, lakini haustahimili ukame kwa kujinyima kama mimea ya jangwani yenye majani madogo au miiba. Majani yake ni mapana kama kiganja kilichotandazwa. Siri yake iko chini. Una mzizi mkuu unaozama ndani sana kufuata unyevu, na mizizi ya pembeni inayowahi maji ya mvua fupi. Juu yake shina na matunda ya aina nyingi hufunikwa na unga mweupe wa nta unaopunguza upotevu wa maji. Jua likizidi, mmea hufunga vinyweleo vya majani, na ukame ukiendelea huangusha majani ya chini ukabakisha ya juu.

Kwa sababu hiyo humkuti katikati ya mchanga mtupu. Utaukuta pale ambapo maji yalipita, hata kama yamekwisha kukauka juu. Katika Oman huota kwenye mabonde ya wadi na pembeni mwa mashamba. Katika Namibia umejaa kwenye mito ya msimu inayokatiza jangwa la Namib. Katika Tanganyika ya wakati wa Waingereza mbegu za mbarika zilikuwa moja ya mazao ya kuuzwa nje, na nyanda kavu za kati, pande za Dodoma, zilichangia. Mkulima wa huko alijua kwamba mwaka ambao mahindi yameshindwa, mbarika huenda ukampa kitu cha kupeleka dukani.

Jambo la pili ni kupenda ardhi iliyovurugwa. Palipobomolewa nyumba, palipomwagwa takataka, palipochimbwa mtaro, mbarika hufika mapema. Tunda lake lina vyumba vitatu, na likikauka hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mita kadhaa. Mbegu ina kinundu cheupe kichwani, ambacho ni chakula cha sisimizi. Wao huikokota mpaka shimoni kwao, hula kinundu na kuiacha mbegu salama ndani ya udongo. Mafuriko humaliza kazi iliyobaki.

Johannesburg inampa mbarika karibu vyote hivyo. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake, takriban milimita 700 kwa mwaka, hunyesha hasa kati ya Oktoba na Machi. Majira ya baridi ni makavu kabisa. Viwanja vitupu, kingo za reli na kingo za mito vipo kila upande. Chini kidogo ya Hillbrow, pande za Doornfontein, ndiko unakoanzia mto Jukskei. Maji yake huingia mto Crocodile, kisha Limpopo, na mwisho Bahari ya Hindi katika pwani ya Msumbiji.

Kitu kimoja tu kinaukatisha: sakitu, au jalidi. Mwambaoni mbarika huishi miaka kadhaa ukawa mti mdogo wa mita 4 au 5. Katika nyanda za juu za Afrika Kusini usiku mmoja wa Juni huweza kuyaunguza majani yote yakawa meusi. Mmea uliokua kwa miezi 7 hufa au hukatika hadi shinani, na mvua za Oktoba huamsha mbegu zilizolala udongoni. Mwenye kuukumbuka mbarika wa Unguja kuwa mti wa uani wa siku zote, anaweza kuupita ule wa Johannesburg akadhani ni gugu la msimu.

Yaliyomo ndani ya mbegu

Karibu nusu ya uzito wa mbegu ni mafuta. Katika mafuta hayo, asidi moja, asidi ya risinoleiki, huchukua karibu sehemu 9 katika kila 10 za asidi zote za mafuta. Hakuna mafuta mengine ya kawaida ya jikoni au ya shamba yenye sifa hiyo. Asidi hii ina kundi dogo la oksijeni na haidrojeni katika kaboni yake ya 12, na kundi hilo hufanya chembe za mafuta zishikane. Ndiyo maana mafuta ya mbarika ni mazito kama asali, huganda vizuri kwenye nywele na ngozi, huyeyuka katika spiriti, na hayachanganyiki kirahisi na petroli.

Sifa hiyo ya mwisho iliyapeleka angani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndege nyingi zilikuwa na injini za kuzunguka ambazo petroli yake ingeyaosha mafuta ya kawaida ya mashine. Mafuta ya mbarika yalibaki. Marubani walivuta moshi wake na wengi wakaharisha, jambo ambalo bibi yeyote wa mwambao angeweza kuwatabiria. Jina la kampuni ya vilainishi ya Castrol linatokana na jina la Kiingereza la mafuta haya. Huku kwetu, Wajerumani waliozingirwa katika Afrika Mashariki walitengeneza dawa na bidhaa nyingi katika taasisi yao ya Amani, Usambara, na mafuta ya mbarika yalikuwamo.

Uharishaji wenyewe ulipata maelezo kamili karibuni tu. Mafuta yakifika utumbo mwembamba, vimeng'enya huyavunja na kuiachia asidi ya risinoleiki. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walionyesha, kwa kutumia panya, kwamba asidi hiyo hushika kipokezi kimoja maalumu katika misuli ya utumbo na pia ya tumbo la uzazi. Hapa desturi ya wakunga wa kale ya kumnywesha mama mafuta haya ili uchungu uanze inapata maana yake. Hapo hapo inapatikana sababu ya mjamzito wa leo kutoyanywa bila daktari au mkunga aliyesomea kumwangalia.

Sumu ni kitu kingine kabisa. Inaitwa risini, nayo ni protini wala si mafuta. Iligunduliwa na kupewa jina mwaka 1888 na Hermann Stillmark, mwanafunzi wa udaktari katika mji wa Dorpat, ambao leo ni Tartu nchini Estonia. Ina nyuzi mbili zilizofungwa pamoja. Mmoja hujishikiza kwenye ukuta wa seli, wa pili huingia ndani na kuharibu ribosomu, yaani mahali seli inapotengenezea protini zake. Namna hasa unavyofanya hivyo ilielezwa na Wajapani mwaka 1987. Seli isiyoweza kutengeneza protini hufa. Ulimwengu uliisikia sumu hii zaidi baada ya mwandishi wa Kibulgaria, Georgi Markov, kuuawa London mwaka 1978.

Kuna mambo mawili ya kushika hapa. Kwanza, risini haiyeyuki katika mafuta, kwa hiyo mafuta yakitengwa vizuri sumu hubaki katika mashapo. Pili, joto la kutosha huiharibu, kama linavyoharibu ute wa yai. Historia yote ya mbarika katika mikono ya watu imesimama juu ya mambo haya mawili, ingawa watu walioyafuata hawakuwa na neno protini.

Moto na maji

Herodotus, Mgiriki aliyeandika karne ya 5 kabla ya Masihi, anasema Wamisri wa mabwawani waliupanda mmea huu kando ya mito na maziwa, wakayaita mafuta yake kiki na kuyatumia kwa taa, ingawa harufu yake ni nzito. Anataja njia mbili za kuyapata. Baadhi walizisaga mbegu na kuzikamua, wengine walizikaanga kisha wakazichemsha na kukusanya kilichoelea.

Njia ya pili ndiyo iliyoenea Afrika. Mbegu hukaangwa, hutwangwa, huchemshwa katika maji mengi kwa muda mrefu, na mafuta yanayopanda juu huenguliwa na kuchemshwa tena mpaka maji yote yaishe. Mafuta hutoka meusi meusi na yenye harufu ya moshi. Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki walikwenda na njia hiyo vichwani, na mpaka leo mafuta meusi ya mbarika ya Jamaika, yanayouzwa madukani kote duniani kwa ajili ya nywele, yanatokana na mbegu zilizokaangwa. Mabibi wa huko na wa kwetu hawakuonana, lakini chungu chao kilifanya kazi moja: kukaanga na kuchemsha kuliua risini, na kuengua kuliyatenga mafuta na mashapo. Mashapo yalitupwa mbali na mbuzi na kuku, au yalizikwa shambani kuwa mbolea.

Kwa hiyo kile kilichoonekana kuwa uvivu wa kufuata desturi, yaani kuchemsha kupita kiasi na kukataza watoto kusogea, kilikuwa ndicho kinga. Anayekumbuka kwamba bibi alitumia nyonyo, na hakumbuki jiko, ana nusu ya habari, na nusu aliyonayo ndiyo ya hatari. Mtoto anayezitafuna mbegu mbichi, ambazo ni nzuri kwa macho kama shanga, huanza baada ya saa chache kutapika na kuharisha, na huweza kufa. Mbegu iliyomezwa nzima mara nyingi hupita bila madhara kwa sababu ganda lake ni gumu, lakini hakuna mzazi anayepaswa kukisia. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa risini mwilini. Kinachookoa ni hospitali, maji ya mshipa na uangalizi. Vile vile risiti za mitandaoni za kujikamulia mafuta nyumbani kwa baridi, kwa madai kuwa ndiyo asilia zaidi, zinarejea njia ambayo mabibi hawa waliiepuka.

Mgeni au mwenyeji

Afrika Kusini inauhesabu mbarika kuwa mgeni. Chini ya sheria ya nchi ya bayoanuwai ya mwaka 2004 na orodha zake za viumbe vamizi, umewekwa katika kundi la pili: hauruhusiwi kupandwa ila kwa kibali. Sababu zipo, kwani katika kingo za mito hufanya vichaka vizito vinavyoisonga mimea mingine.

Hata hivyo ardhi ya nchi hiyo hiyo ina ushahidi unaolitatiza neno mgeni. Katika Border Cave, pango lililo katika milima ya Lebombo mpakani mwa KwaZulu-Natal na Eswatini, kulipatikana kijiti chembamba chenye mikato, cha miaka kama 24,000 iliyopita. Mwaka 2012 Francesco d'Errico na wenzake walitangaza kwamba juu yake kuna mabaki ya asidi ya risinoleiki na ya asidi iliyo jamaa yake, na wakapendekeza kuwa kilikuwa kijiti cha kupakia sumu mishale. Tafsiri hiyo ina mahali pa kuhojiwa, kwa kuwa kilichobaki ni alama ya mafuta, na tumeona kuwa sumu si mafuta. Aliyekishika kijiti hicho huenda alipaka sumu, na huenda alipaka kitu kingine. Lakini ikiwa alama hiyo imesomwa sawasawa, basi kusini mwa Afrika kulikuwa na watu walioishika mbegu hii maelfu ya miaka kabla ya mashua ya kwanza kutia nanga pwani yetu.

Wenye sheria wanautazama mmea ulipo leo na unachofanya mtoni, na mwanahistoria anatazama muda. Wote wawili wanaweza kuwa na haki. Ila familia zilizopewa jina la wageni katika mji huu, hata baada ya watoto wao kuzaliwa humo, zitaelewa kwa nini swali la nani alitangulia halijibiwi kwa orodha peke yake.

Kilima cha hospitali

Hillbrow ilipimwa viwanja katika miaka ya 1890, kando ya kilima kilichopewa jina la hospitali iliyojengwa juu yake. Mwaka 1912 ikaanzishwa hapo Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Kusini, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa maradhi ya vifua ya wachimba dhahabu, na ambayo baadaye ilitengeneza dawa za kupinga sumu za nyoka. Elimu ya dawa za namna hiyo ina deni kwa mbarika. Mwaka 1891, Berlin, Paul Ehrlich aliwapa panya risini kidogo kidogo, akaona wanaizoea mpaka wakastahimili kiasi ambacho kingewaua wenzao. Majaribio hayo yalikuwa kati ya yale yaliyothibitisha kuwa mwili huweza kutengeneza kinga mahsusi dhidi ya sumu mahsusi.

Wakati huo watu wa mwambao walikuwa wamekwisha kufika Afrika Kusini. Mwaka 1873 manowari ya Kiingereza, Briton, iliteremsha Durban watu 113 waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua wa Msumbiji. Wazao wao wanaitwa hadi leo Wazanzibari. Walikaa Bluff, wakashika dini yao na lugha yao, mpaka sheria ya kutenga maeneo ya watu kwa rangi ilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960. Sheria hiyo hiyo, ya mwaka 1950, iliifanya Hillbrow kuwa mtaa wa wazungu. Katika miaka ya 1970 na 1980 wapangaji wengine walianza kuingia kinyume chake, na baada ya 1990 wakaja watu wa Kongo, Nigeria, Zimbabwe, Msumbiji na Tanzania.

Wazanzibari wa Durban walihamia kama jamii moja, mabibi, wajomba na wajukuu, na ndiyo maana mengi yao yalibaki. Wengi waliofika Hillbrow walikuja mmoja mmoja, wakiwa vijana, wakapanga chumba kwa kugawana. Kijana aliyeondoka Bukavu au Kigoma akiwa na miaka 20 anajua mafuta ya nyonyo ni ya nini. Huenda hakuwahi kusimama kando ya chungu, na katika gorofa ya 10 hakuna pa kuwasha kuni.

Kwa hiyo hatuwaiti wasomaji waende wakachume mbegu viwanjani. Mafuta yaliyotengenezwa kiwandani ni salama kwa kupaka, na yanapatikana. Tunaloomba ni jingine. Wenye mama au bibi ambaye aliwahi kuyatengeneza, wamuulize sasa na waandike kila hatua kwa maneno yake: alichagua mbegu zipi, alikaanga kwa muda gani, alijuaje kuwa maji yameisha, mashapo aliyapeleka wapi, watoto aliwaambia nini. Waandike na jina aliloliita, likiwa mbarika, mnyonyo, mbono au khirwa'. Na wenye watoto Hillbrow, Yeoville au popote mmea huu unapoota kando ya njia, wawaonyeshe jani lake na mbegu yake, wawaambie jina lake, na wawaambie kwamba haichezewi wala hailiwi.